Anarudi na matope hadi masikioni: je, chekechea ya msituni inamfundisha nini mwanangu?

Swali: "Mwalimu, mwanangu ana miaka 5 na yuko chekechea ya msituni, ambako watoto hushinda nje kati ya miti badala ya darasani. Wakati wa baridi nilijipa moyo kwamba joto likianza mambo yatatulia. Sasa majira ya machipuko yamefika na hali imezidi: anarudi na matope hadi masikioni, mifuko imejaa vijiti na mawe, na nikimuuliza amejifunza nini ananijibu 'nimecheza'. Binamu yake wa rika lake yuko chekechea ya kawaida, anaandika jina lake na kuhesabu hadi 20. Mwakani wote wawili wanaingia darasa la kwanza. Tena naogopa kupe na majani yenye sumu. Nimwache au nimhamishe?"

Jibu: Dada yangu, nimefundisha watoto wadogo nje kwa miaka mingi, na swali lako hunifikia kwa wingi kila theluji inapoyeyuka. Kwa hayo uliyonieleza, sioni sababu ya kumhamisha. Lakini sitakudanganya kwamba kila chekechea iliyo msituni ni nzuri kwa kuwa ina miti. Miti haifundishi yenyewe. Mtoto hujifunza akirudi mahali palepale siku baada ya siku, akiwa na mtu mzima anayejua lini aseme na lini anyamaze. Mambo hayo mawili ndiyo ya kupima, na unaweza kuyapima mwenyewe bila kuwa mwalimu.

Nianze na machipuko yenyewe, maana ndio wakati ambao msitu hufundisha kuliko wakati mwingine wowote. Mtoto aliyekuwepo tangu baridi ana hazina ambayo mgeni hana: anakumbuka palivyokuwa. Anaujua mwaloni uliokuwa mtupu, anajua dimbwi liliganda wapi, anajua gogo alilolikalia akinywa chai ya moto. Sasa kila wiki kuna kitu kimegeuka, na yeye ndiye anayekigundua. Kulinganisha cha jana na cha leo ndiyo sayansi ya kwanza ya mtoto, na haiwezekani kwa picha za ukutani.

Chukua mfano wa vyura. Mapema katika majira haya, chura wa kawaida wa Ulaya hutaga kwenye madimbwi donge la utelezi lenye nukta nyeusi mamia kwa mamia. Wiki mbili tatu baadaye, kutegemea joto la maji, viluwiluwi hutoka. Miguu ya nyuma hutangulia, ya mbele hufuata, na mkia hunywea mwishoni. Walimu makini huchota mayai machache tu, huyaweka kwenye beseni la maji ya dimbwi lilelile, kisha huwarudisha viluwiluwi palepale walipotoka, kwa sababu kuwahamishia bwawa jingine kunaweza kueneza magonjwa ya vyura.

Sasa mwone mtoto aliyelala kifudifudi kando ya beseni hilo. Anasema, "Huyu ana miguu, yule hana. Yule mgonjwa." Mwenzake anabisha: "Si mgonjwa, ni mdogo." Mwalimu aliye karibu anajua jibu, lakini anauliza tu, "Tutajuaje?" Wanakubaliana kuwahesabu wenye miguu na wasio na miguu, kisha warudie wiki ijayo. Hapo kazi inaanza, kwa sababu viluwiluwi havitulii. Wanahesabu 9, wanahesabu tena wanapata 13, wanagombana. Mwishowe mmoja anachukua kikombe, anachota mmoja mmoja na kumhamishia beseni la pili, na kila anayehamishwa anatajiwa namba yake. Mwalimu anawapa karatasi na kalamu, wanachora vistari, kimoja kwa kila kiluwiluwi.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ya binamu. Kuhesabu hadi 20 kwa mdomo ni jambo jema, na mtoto wako pia atafika. Lakini kutaja namba kwa mfuatano na kujua kwamba kila namba inashika kitu kimoja tu, bila kuruka na bila kurudia, ni hatua mbili tofauti, na ya pili ndiyo msingi wa hesabu zote zitakazofuata. Watoto wa beseni wamebuni njia ya kuhesabu, wameiona ikishindwa, wamebuni nyingine, na wameandika matokeo. Jioni wakiulizwa watasema "tumecheza", na watakuwa wamesema kweli.

Jambo la pili ni lugha, ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Watu hudhani mtoto wa msituni anakimbia tu. Wasikilize wawili wanaobeba gogo refu kwenda kutengeneza daraja juu ya mtaro. Wameshika kila mmoja upande wake, wanatazamana, na gogo limekwama kati ya miti miwili. Mmoja anapiga kelele, "Rudi nyuma!" Mwingine anauliza, "Nyuma yangu au nyuma yako?" Swali hilo ni zito kwa mtoto wa miaka 5. Amegundua kwamba mwenzake anaiona dunia kutoka upande mwingine, na kwamba ni lazima achague maneno yanayomfaa huyo mwenzake. Watalazimika kusema pembeni, inua, shusha, subiri, kwanza, halafu. Kwenye chumba chenye vinyago vilivyotengenezwa tayari, mahitaji ya namna hiyo ni machache, kwa kuwa gari la plastiki linabebwa na mtu mmoja.

Kuhusu kuandika jina. Mkono unaoshika penseli unategemea bega, na bega linategemea kiwiliwili kilichokaa imara. Kupanda mti, kuvuta tawi, kukamua matope, kumenya gome la kijiti kwa kisu cha kumenyea mboga huku mwalimu ameketi kando, vyote hivyo hujenga nguvu na utulivu wa mkono. Nchini Norway, mtafiti Ingunn Fjørtoft alifuatilia watoto wa miaka 5 hadi 7 waliocheza kwenye msitu ulio jirani na chekechea yao, akawalinganisha na waliocheza kwenye uwanja wa kawaida. Baada ya miezi 9, wa msituni walikuwa wamesonga mbele zaidi, hasa kwenye usawa wa mwili na uwezo wa kuoanisha viungo. Haimaanishi kwamba waliandika vizuri zaidi, maana hilo hakulipima. Ila mwili unaojimudu huketi kwenye kiti bila kuchoka upesi, na darasa la kwanza ni kukaa kwingi.

Na je, kuchelewa kidogo kusoma na kuandika kutamgharimu? Huko New Zealand, mtafiti Sebastian Suggate na wenzake waliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza karibu na miaka 7. Walipofika miaka 11 hivi, uwezo wao wa kusoma haukutofautiana. Nchi kama Ufini huanza shule rasmi katika mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7. Binamu akiandika jina lake leo na mwanao akaliandika mwezi wa tisa, miaka michache mbele hakuna atakayewatofautisha kwa hilo.

Tafiti zinazolinganisha chekechea za msituni na za kawaida moja kwa moja zisomwe kwa uangalifu. Nyingi ni ndogo, na wazazi wanaochagua msitu mara nyingi hutofautiana na wengine kwa mambo mengi: muda walio nao, elimu, namna wanavyoongea na watoto nyumbani. Kwa hiyo anayekuambia msitu huzalisha watoto wenye akili zaidi, mwambie apunguze. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba mpango huu si mtindo wa msimu. Ella Flatau alianza kutembea na watoto msituni huko Denmark katika miaka ya 1950, wazazi jirani wakamuunga mkono. Ujerumani ilipata chekechea yake ya kwanza ya msituni huko Wiesbaden mwaka 1968, lakini zilianza kuenea hasa baada ya ile ya Flensburg kutambuliwa na serikali mwaka 1993. Leo nchi hiyo ina zaidi ya elfu moja. Vizazi kadhaa vimepita humo na kuingia darasa la kwanza, na shule zimewapokea kama watoto wengine.

Matope nayo yasikukoseshe usingizi. Nchini Ufini, watafiti walitandika udongo wa msitu, nyasi na mimea kwenye viwanja vya chekechea vilivyokuwa vya changarawe, wakawaacha watoto wa miaka 3 hadi 5 wavicheze kila siku. Baada ya siku 28, vijidudu vyenye manufaa kwenye ngozi za watoto viliongezeka aina, na damu ilionyesha dalili za kinga ya mwili inayojidhibiti vizuri zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Mtoto aoshe mikono kabla ya kula na baada ya kushika maji ya dimbwi, basi.

Kitu ninachokusihi usikidharau ni unyevu. Baridi kavu ya theluji mtoto huivumilia vizuri akiwa na nguo nzuri. Mvua ya machipuko kwenye nyuzi 5 ndiyo inayowatetemesha. Asubuhi kuna umande ulioganda, saa sita jua kali, saa nane mvua. Mvalishe tabaka kadhaa za nguo: ya ndani iwe sufu au kitambaa kinachokauka upesi, maana pamba ikilowa hukaa na maji na kuuibia mwili joto. Juu ovaroli isiyopitisha maji, na mabuti yenye nafasi ya kidole mbele, maana yakibana miguu hupoa. Weka soksi na glavu za akiba, jozi mbili kila kimoja. Watoto wengi wanaolia msituni wana soksi mbichi tu.

Sasa kupe. Hofu yako ni halali. Kupe huanza kuamka joto likivuka nyuzi 5 hadi 7 hivi, hukaa kwenye nyasi na vichaka vifupi, na yule mchanga anayeuma watoto hafiki milimita 2. Baadhi yao hubeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme, na hatari hupanda kadiri kupe anavyokaa mwilini. Kwa hiyo kinga kubwa ni macho yako kila jioni. Mvue nguo kwenye mwanga mzuri, pitisha vidole polepole nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele na katikati ya nywele, kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti. Mara nyingi kidole humhisi kupe kabla jicho halijamwona. Ukimpata, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja hadi aachie. Usimpake mafuta, usimchome kwa kiberiti, usimminye tumbo. Safisha pale, kisha andika tarehe na mahali kwenye kalenda.

Andika tarehe kwa sababu alama ya Lyme hujitokeza kati ya siku 3 na 30: doa linalopanuka polepole kuzunguka pale alipouma. Vitabu vingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane. Tafuta doa la zambarau, la kahawia au linalofanana na damu iliyovilia, linaloongezeka ukubwa. Ukiliona, au mtoto akipata homa, uchovu au uso kulegea upande mmoja, mpeleke kwa daktari na umwambie tarehe ya kupe. Dawa ya kuua bakteria ikianza mapema, ugonjwa hutibika vizuri. Sehemu za Ulaya ya kati, mashariki na Skandinavia zina pia homa ya ubongo inayoletwa na kupe. Hiyo ni ya virusi na ina chanjo, hivyo muulize daktari wako kama mnaishi eneo hilo.

Majani yenye sumu yana kanuni moja: hakuna kinachoingia mdomoni bila mtu mzima kusema ndiyo. Wakati wa machipuko kuna mtego mahususi. Kitunguu saumu cha porini hutoa majani mapana ya kijani yanayoliwa, na katika misitu hiyohiyo huota yungiyungi wa bondeni (*Convallaria majalis*) na *Arum maculatum*, wote wenye sumu, na majani machanga yao huchanganywa nayo kwa urahisi. Watu hutegemea harufu, lakini ukishachuma jani moja la kitunguu saumu vidole vyako vinanukia, na baada ya hapo kila jani utakalolishika litanukia hivyohivyo. Ndiyo maana mwalimu mzuri huwafundisha watoto kutazama shina moja moja, wala hawaruhusu kuchuma wenyewe. Muulize mwanao kama anayajua majani yasiyoguswa. Mtoto aliyefundishwa vizuri atakuonyesha kwa fahari, na pengine atakukemea ukikosea.

Kuna hatari nyingine ambayo wazazi huiita uzembe kumbe ni sehemu ya elimu. Mtafiti wa Norway, Ellen Beate Hansen Sandseter, alipanga michezo ya hatari ya watoto katika makundi 6: kupanda juu, kwenda kasi, kutumia zana zenye makali, kuwa karibu na maji au moto, kushindana mieleka ya utani, na kujificha mbali na macho ya wakubwa. Kila mtoto huitafuta kwa kipimo chake. Aliyezuiwa kabisa haachi kutamani. Huipanda miti siku ambayo hakuna anayemwangalia, bila kujua ni tawi lipi litamhimili. Chekechea nzuri ina kanuni nyepesi ambayo mimi naipenda sana: mwalimu hampandishi mtoto mtini. Akifika mwenyewe, ameshajipima. Akishindwa, bado mguu uko karibu na ardhi.

Hapo ndipo tunarudi kwa watu wazima, na ndipo ningependa utumie nguvu zako badala ya kumchunguza mtoto. Omba kushinda nao nusu siku. Angalia kama wana mahali wanaporudi kila siku au wanazungushwa huku na kule. Waulize upepo ukiwa mkali wanakwenda wapi. Jibu liwe la haraka: kuna kibanda au jengo, na kuna kiwango cha upepo kinachowatoa chini ya miti. Waulize nani hukagua matawi makavu. Waulize wanafanyaje ndege wanapotaga. Wakikuambia kwamba wamesogeza eneo la kujenga vibanda ili wasisumbue viota, na kwamba watoto wenyewe ndio wanaowakumbusha wageni wapunguze sauti, basi hao wanafundisha kweli. Tazama pia mikono ya watoto. Mwalimu anayepita kimyakimya akigusa vidole kujua nani amepoa ana thamani kuliko mwenye shahada tatu asiyegusa.

Ukikuta watoto wameketi kwa mstari kwenye maturubai wakipaka rangi majani yaliyochapwa kwenye karatasi huku majani halisi yakichipua mgongoni mwao, hiyo ni sababu ya kuuliza maswali makali. Ukikuta kinyume chake, walimu wameegemea mti wakizungumza wao kwa wao na watoto wameachiwa wajiendee, hiyo ni sababu kubwa zaidi. Na ukikuta mtoto analowa anatetemeka na hakuna aliyeona, mhamishe wiki hiyohiyo.

Nyumbani acha kumuuliza "umejifunza nini". Mtoto wa miaka 5 hana namna ya kulijibu. Mwaga vilivyomo mifukoni mezani, chagua kimoja, uliza: "Hiki ulikikuta wapi?" Au uliza kuhusu kitu kinachoendelea: "Daraja lenu bado lipo?" "Viluwiluwi wamefika wapi?" Utashangaa. Akipanga mawe, mwache apange kwa namna yake kwanza, kisha muulize kwa nini hili limekaa na hilo.

Kuna mambo ambayo msitu hauyafanyi vya kutosha, na hayo ni yako kuyajazia kabla ya shule. Kushika penseli na mkasi, dakika 10 kwa siku, zatosha, na bora ziwe na sababu: aandike jina lake kwenye mchoro wa chura anaompelekea bibi. Kusomewa hadithi kila usiku. Kufunga vifungo na kwenda chooni bila msaada. Na kama mwanao haongei kwa sentensi kamili, au watu wasiomzoea hawamwelewi, au unahisi hakusikii vizuri, usiambiwe "atakua tu, yuko msituni". Mpeleke akapimwe masikio na usemi sasa, kwa sababu hilo halitibiwi na mchezo popote pale unapochezwa.

Basi mpigie mwalimu mkuu, omba hiyo nusu siku wiki ijayo, vaa mabuti yako mwenyewe, na utoe uamuzi baada ya hapo.